Pipa, hori na pembe za kuokota

Jumapili, 12 Januari 2025

Msimu wa kuwinda ulifungwa wiki iliyopita, na jana mzee mwenye shamba amenikabidhi funguo za geti. Makubaliano yetu hayana karatasi. Nitanunua chakula cha wanyama wa pori, nitatunza vilishio, nitakagua seng'enge kila nikipita, na pembe zote nitakazookota kati ya sasa na Aprili ni zangu. Shamba ni ekari 340, kusini mwa Abilene, Texas, pale vilima vya Callahan Divide vinapoanza kuinuka. Wiki nzima niko kwenye lori, kwa hiyo shajara hii ni ya Jumamosi na Jumapili.

Jana usiku nimempigia Mama, kule Kondoa, kumweleza. Nikamwambia nimepata ruhusa ya kuokota pembe porini. Kimya. Nilidhani mtandao umekatika, kumbe anafikiri.

"Mwanangu, hizo si nyara za serikali?"

Mtanzania yeyote angeuliza hivyohivyo. Kwetu, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya mnyama wa pori ni nyara, hata kama umeikuta imejilalia tu njiani, na ukikutwa nayo bila kibali utakwenda kuieleza mahakamani. Huku, ndani ya ardhi ya mtu, ruhusa ya mwenyewe inatosha. Hilo Mama alilikubali kwa shingo upande. Lililomshinda ni kwamba mnyama hajafa. "Pembe imedondoka na mwenyewe anatembea? Kama meno ya utotoni?" Ndiyo Mama, kama meno ya utotoni, ila haya yanang'oka kila mwaka.

Halafu kuna suala la jina. Kamusi nyingi zitakuambia "deer" wa Kiingereza ni kulungu, lakini kulungu wa kwetu ana pembe ya kudumu, mfupa ndani na gamba nje, na akiivunja ndiyo basi tena. Mnyama huyu pembe yake ni mfupa mtupu, inaota upya kila mwaka, na jike hana kabisa. Ukoo wake haupo kusini mwa Sahara. Afrika nzima wamebaki wachache tu upande wa Algeria na Tunisia. Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu, mlokole wa kufunga na kuomba. Akanikumbusha kwamba kwenye Zaburi ya 42 anayeionea shauku mito ya maji ni ayala. Mimi ni Mwislamu, lakini neno nimelipenda nikalichukua. Kuanzia hapa ni ayala, na hawa wa hapa ni ayala mkia mweupe.

Jumamosi, 18 Januari

Pipa limesimama. Ni pipa la lita 200 juu ya miguu mitatu, na linameza mifuko sita ya mahindi ya ratili 50, yaani kama kilo 22 na ushee kila mmoja. Chini yake kuna kisahani kinachozungushwa na mota ndogo ya betri. Saa ikifika, kinazunguka sekunde sita na kutawanya mahindi duara zima, kama mtu anayelisha kuku. Paneli ya sola ukubwa wa kiganja inachaji betri. Nimeagiza pipa lirushe saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni.

Nimeliweka kwenye uwazi kati ya miti ya mesquite. Waliofika Baringo wanaijua jamii hii, ni ndugu wa mathenge. Huku nako wenye mifugo wanailaani kwa jinsi inavyotambaa, ila ayala wanakula maganda yake. Chini ni mpungate na nyasi kavu, juu kwenye kilima ni mitarakwa mifupi ya huku na mialoni. Mvua haifiki mbali na milimita 600 kwa mwaka. Nikifumba macho na kusahau ubaridi, niko Dodoma.

Kamera mtego mbili, moja kwenye pipa, nyingine kwenye lambo.

Mzee alinishauri nizungushie pipa uzio wa kuzuia nguruwe. Nikapiga hesabu ya vyuma nikaona ni gharama, ngoja kwanza.

Jambo moja nililolifanya vizuri leo: mifuko miwili nimeirudisha. Nilikuwa nimeinunua kwa bei poa kwa muuzaji wa pembeni, haina lebo ya chakula cha wanyamapori, na nilipoifungua ilinijia harufu ya ghala lililovuja. Punje zina ukungu wa kijani. Hapa sina mzaha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kwenye mlipuko wa Kenya wa mwaka 2004 walikufa watu 125, wote kwa mahindi ya kwenye sufuria zao wenyewe. Na pipa hili halilishi ayala peke yao. Kware na bata mzinga wa pori wanapita hapo kila siku, na ndege ndio wadhaifu zaidi. Sumu hii yenyewe ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960. Muuzaji alinishangaa. "Ni ya kulungu tu hii," alisema, kwa Kiingereza chake. Nikamjibu kwamba nimetoka mahali ambapo hatusemi "tu" kwa mahindi ya namna hiyo.

Jumapili, 26 Januari

Pipa limepungua nusu na hakuna picha hata moja ya ayala mchana. Picha zote ni za usiku, nyingi za rakuni, kijinyama cha huku chenye vidole vyepesi: rakuni, rakuni, rakuni, nguruwe kumi na mmoja, rakuni amening'inia kwenye kisahani kama fundi umeme.

Nimekaa chini ya mti nikitafuta kosa. Mota haina tatizo lolote, betri imejaa. Nikasoma saa za kurusha: 1:30 AM na 11:00 PM.

Nimecheka peke yangu porini. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi namimina mahindi, nikamwambia mwanangu aliyekuwa ameshika kile kidude cha saa, "Weka saa moja na nusu asubuhi, halafu saa kumi na moja jioni." Mtoto ana miaka kumi na miwili, amezaliwa hapahapa Texas, Kiswahili anakisikia vizuri. Ameweka alichosikia. Kwa hiyo wiki nzima pipa letu limekuwa likirusha mahindi saa saba na nusu usiku, na tena saa tano usiku, wakati ayala wamejilalia na wezi wako kazini.

Nilipomwambia alijitetea: "Baba, ulisema moja." Kweli nilisema.

Jumamosi, 1 Februari

Sasa saa ziko sawa na nguruwe wamebadilisha ratiba pia. Wanakuja saa moja na nusu asubuhi kamili, wanapanga foleni. Hawa si ngiri wa kwetu. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka tangu enzi za Wahispania, wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa baadaye kutoka Ulaya, na Texas nzima wanahesabiwa kwa mamilioni. Wamelima eneo lote kuzunguka pipa kama trekta. Ayala dume mmoja anaonekana kwenye picha amesimama mbali, anawatazama, anaondoka.

Mwislamu natumia mshahara wangu kunenepesha nguruwe. Jirani yangu wa Bukavu alivyosikia alikaa chini kucheka. "Yaya," akaniambia, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao, "uniite mi nikusaidie, mi ninakulaka."

Nimenunua vyuma. Paneli za waya za sentimita 86 kwenda juu, nimezifunga duara pana la hatua kumi kutoka pipani. Nguruwe ni nadra kuruka kimo hicho. Ayala kwake ni kama kuvuka kizingiti. Nafasi ndani lazima iwe kubwa, kwa sababu ayala haruki kuingia mahali anapohisi atabanwa.

Jumamosi, 15 Februari

Pembe ya kwanza!

Nitaandika ilivyokuwa. Asubuhi ya mawingu baada ya manyunyu, hali nzuri kuliko zote, kwa sababu jua kali linafanya kila kijiti king'ae na nyasi zilizolowa zinageuka nyeusi, mfupa unajitokeza wenyewe. Nilikuwa nimezunguka pipa kwa saa mbili, duara baada ya duara, kama mtu aliyedondosha funguo. Sikupata kitu. Nikakata tamaa, nikaenda kukagua seng'enge upande wa mashariki kama nilivyoahidi. Pale waya wa juu ulipolegea, ambapo udongo umepigwapigwa na kwato, ilikuwa imelala ncha juu, ya kulia, ncha nne, ncha ya pili imekatika. Bado ina rangi ya kahawia. Kwenye kitako chake mfupa una chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa.

Nimejua sababu baada ya kufikiri. Dume akishapita msimu wa kupandana, ambao huku kilele chake ni Novemba, homoni zake zinashuka. Zikishuka, chembe fulani zinaanza kuula mfupa pale pembe inaposhikana na fuvu, taratibu, mpaka kiungo kinabaki kama jino lililolegea. Dume haumwi, anatembea nayo tu. Kinachomalizia ni mtikisiko: kuruka waya, kuvuka korongo, kujikuna mtini. Kwa hiyo seng'enge ni daktari wa meno.

Na dume aliyeshiba hukaa na pembe zake muda mrefu kuliko mwenye njaa. Maana yake, ninavyolisha zaidi ndivyo ninavyozichelewesha. Hili hakuna aliyeniambia.

Nimempelekea mwanangu. Ameipima uzito kwa mkono, ameinusa, akauliza kama inaweza kukaa chumbani kwake. Jirani akaigeuza huku na huku: "Na inaangukaka yenyewe, Yaya? Bila kumupiga?" Bila kumpiga.

Jumamosi, 22 Februari

Baridi iliyopita katikati ya wiki iligandisha lambo na betri ya pipa. Nimebadilisha betri, nimepasua barafu. Vidole havishiki kalamu.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi wa Ramadhani, wiki ya kwanza. Niliogopa kutembea na funga, lakini nimegundua kwamba ndio mwendo unaofaa. Mtu aliyefunga hakimbii. Natembea hatua tano, nasimama, natazama kulia mpaka kushoto, kisha nageuka natazama nyuma, kwa sababu pembe iliyofichwa na mpungate ukija inaonekana ukienda. Hautafuti pembe nzima. Unatafuta mstari mmoja uliopinda mahali ambapo kila kitu kimenyooka.

Leo nne! Zote kwenye mteremko unaotazama kusini, chini ya mitarakwa, kwenye vitanda vyao. Asubuhi za baridi ayala wanalala huko kuota jua, na akilala hapo nusu ya siku, hapo ndipo pembe itakapomtoka. Pipa liko hatua mia sita kutoka pale. Anakuja kula dakika kumi, anaondoka kwenda kucheua. Mimi nilikuwa natafuta mezani vitu vinavyopotelea chumbani.

Habari nyingine ni chakula. Mahindi nimeanza kuyaona kwa jicho jingine. Ni peremende. Yana protini ya asilimia nane au tisa, na dume anayejenga pembe anataka kama kumi na sita. Tena ayala anacheua kama mbuzi. Asiyezoea nafaka akiyavamia kwa wingi, tumbo linachachuka na anaweza kufa ameshiba. Mzee akanipeleka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha wenyeji na nikarudi na kilo 300 za mbegu za pamba, zile zenye manyoya bado. Protini yake inapita asilimia ishirini. Lakini kilichonivutia ni kingine: mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili ambayo mnyama wa kucheua anaimudu na nguruwe haimudu. Nguruwe ananusa, anaondoka. Rakuni vilevile. Msukuma yeyote anayelisha ng'ombe mashudu angenicheka kwamba nimechukua miezi miwili kufika hapa.

Nimetengeneza hori: waya wa matundu nimeukunja kama ngoma iliyosimama, nimeujaza mbegu, ayala wanachomoa kwa ulimi kupitia matundu. Hakuna betri wala saa ya kukosea. Mbegu hizi zinaondolewa kabla ya msimu wa kupandana, kwa sababu ile sumu haiendi vizuri na uzazi wa madume.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima hori halijaguswa. Wanalizunguka wakilitazama kama mgeni wa harusi anavyotazama chakula asichokijua.

Jumapili iliyopita saa za huku zilisogezwa mbele. Pipa halina habari, ayala hawana habari, mimi tu ndiye niliyechelewa daku.

Pembe mbili, karibu na lambo. Moja ndogo, ncha moja tu, ya kijana wa mwaka mmoja na nusu.

Jumamosi, 22 Machi

Kazi ilinipeleka Wyoming, mpaka Jackson. Kwenye uwanja wa katikati ya mji kuna matao manne, moja kila pembe ya uwanja, yamejengwa kwa maelfu ya pembe za elki, yule ayala mkubwa wa milimani. Nje kidogo ya mji kuna hifadhi ya elki iliyoanzishwa mwaka 1912, na tangu miaka hiyo serikali inawalisha majira ya baridi, kwa kuwa mji ulikalia njia yao ya kushukia mabondeni. Wakidondosha pembe, vijana wa skauti wanazikusanya, zinanadiwa Mei palepale uwanjani, na sehemu kubwa ya fedha inarudi kwenye hifadhi. Nilisimama pale na kikombe kitupu mkononi, nimefunga, nikafikiri: hawa wanafanya kitu changu kwa miaka zaidi ya mia.

Na huko huko nikaona mwisho wake. Elki waliozoea kulishwa wanasongamana, na wanaosongamana wanaambukizana. Kuna ugonjwa unaokondesha ayala mpaka wanakufa, wakidondosha mate, wakiyumba. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967. Hauletwi na bakteria wala virusi, ni protini iliyojikunja vibaya. Unatoka na mate, mkojo na mavi, unakaa ardhini miaka, na hauna dawa. Texas ulionekana mara ya kwanza mwaka 2012, kule magharibi kabisa. Majimbo kadhaa yamekataza kulisha kwa sababu hiyo. Huku kwetu bado ni ruhusa.

Nimerudi nyumbani nikafungua picha za kamera. Picha ya Jumatano: ayala tisa ndani ya uzio wangu, midomo yote ardhini, mashavu yanagusana. Mwezi wa kwanza picha hii ningemtumia kila mtu.

Wa kilimani wamebadilika kidogo. Hori limeanza kuliwa, jike mmoja alianza, wengine wakamwiga.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Sikwenda shamba. Pilau.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekuja na mwanangu na jirani. Nimezima pipa. Nimemweleza mzee kwanza, nikijua atanuna, maana kwake shamba bila pipa ni kama baraza bila mkeka. Aliangalia ile picha ya mashavu tisa kwa muda, akaipanua, akarudisha simu. Akasema baba yake alilisha, yeye amelisha, na hajawahi kuona ugonjwa. Kisha akasema fanya unavyoona, mahindi ni yako.

Hori nitaliacha mpaka mbegu ziishe, ila nimeligawa mara mbili na kuyaweka mbalimbali, ili kusiwe na foleni.

Tumetembea mstari, watatu, hatua ishirini kati ya mtu na mtu. Mwanangu ndiye aliyeiona, chini ya lundo la vijiti na vipande vya mpungate alilojenga panya wa porini. Alipiga kelele kama amefunga goli. Pembe ya kushoto, uzito na mkunjo uleule wa ile ya kwanza ya seng'enge, ila hatukuwahi. Ncha mbili zimetafunwa zote, na ya tatu imechongwa pande mbili kwa meno madogo kama patasi. Kwetu nungunungu hufanya hivyohivyo kwa mifupa, anatafuta chokaa. Karibu theluthi ya pembe ni kalisiamu na fosforasi, na panya jike mwenye mimba hawezi kuiacha.

Jirani alitaka tuisafishe tuitoboe, iwe kipini cha kisu. Mwanangu akakataa. Anaitaka ilivyo, na meno ya panya yaonekane.

Kutoka seng'enge mpaka lundo hilo ni hatua mia nne na kumi. Tumezihesabu. Dume alitembea na pembe moja, kichwa kimeegemea upande mmoja, sijui kwa siku ngapi.

Jumamosi, 26 Aprili

Kuna joto, nyasi zimepanda mpaka magotini na nyoka wa njuga wametoka. Kuokota kumekwisha.

Pembe 13. Mteremko wa kusini tano, seng'enge tatu, lambo mbili, moja chini ya lundo la panya. Ndani ya hatua mia za pipa, mbili. Mahindi: mifuko tisa, na sehemu yake kubwa iko ndani ya nguruwe wanaotembea kaunti hii.

Tumelilaza pipa, tukalikwangua. Chini kulikuwa na gamba la mahindi yaliyoganda, meusi, yanayonuka pombe. Tumeyafukia kina cha mkono. Mwanangu amechukua kile kidude cha saa, anasema atakitumia kujiamsha aende shule. Nimemuuliza atakiweka saa ngapi.

"Saa moja," akasema, na akacheka kabla yangu.

Kamera ya lambo nimeiacha. Picha ya mwisho ni ya Alhamisi alfajiri. Ni dume anakunywa maji, juu ya kichwa ana vifundo viwili vinene vya manyoya, vimeshapita urefu wa masikio. Cha kulia kimeanza kugawanyika.